Mkono wa Miaka Sita

Fundi alikuwa nyumbani anakata pazia la mteja, saa nne asubuhi, mkasi ulipomponyoka. Akainama auokote, mkono wa kulia ukagoma katakata. Kiharusi. Alilazwa siku tisa, na siku ya kumi mkono wake wa kushoto uliamka ukiwa mdogo, wa mtoto wa miaka sita, na alama ya utepe kwenye kifundo chake.

Daktari aliupima kwa rula, akaandika kwenye faili.

"Kiharusi kimepiga ubongo upande wa kushoto, ndio unaoendesha mkono wa kulia. Huu wa kushoto unaendeshwa na upande wa kulia, nao ni mzima. Ila ulisimamishwa zamani, sasa umeanzia pale ulipoachia."

"Nilikuwa mashoto," Fundi alisema, ulimi mzito. Daktari akaita mgonjwa mwingine.

Mashoto kweli. Mama yake aliufunga mkono ule kwenye mguu wa meza, mwaka mzima, mpaka wa kulia ukazoea. Miaka arobaini Fundi alitaka neno moja tu kutoka kwa mama, pole, basi. Akiligusia, mama humkata kauli: "Nisingekunyoosha, ungekuwa fundi wewe?"

Nyumbani, mkono ule haukumsubiri Fundi. Ulichukua chaki ya kukatia, ukachora kwenye pazia lile lile mama aliyesimama mlangoni. Fundi aliikumbuka picha hiyo, ilimuuma. Siku ile ya utotoni alipofungwa akiwa anaichora, mama wa kwenye picha alikuwa bado hana mikono. Sasa mkono ukamchorea miwili, mikubwa, imefunguliwa.

Mama aliingia na bakuli la supu. Akaitazama picha.

"Yaani huo mkono haujakoma tu?"

Akaweka bakuli chini, akatafuta utepe kwenye kikapu cha vitambaa.

"Mama, usiufunge. Ni mtoto."

"Ndiyo maana. Samaki mkunje... aah, utepe uko wapi? Huu hapa."

Mkono ulisikia. Ukaweka chaki, ukajifuta kwenye sketi ya Fundi, ukajinyoosha wenyewe mpaka kwenye mguu wa meza. Fundi aliuvuta kwa bega, haukuja. Wa kulia ambao ungeufungua ulikuwa umelala mapajani.

Mama alikaza fundo, akapuliza kijiko.

"Haya mwanangu, kula."

Fundi alifungua mdomo.