Boila Lilipopita Dirishani kwa Nyamusi

Boila lilitoka Migori juu ya trela. Uriri watu waliacha kupima mahindi wakaliangalia, na Homa Bay lilifika asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala ziwani. Tani nane za chuma. Lilitulia pale kama kiboko anayeota yuko majini.

Nimefanya kazi nyingi, na mahali pengi sijamaliza mwaka. Hii ya kusogeza vyuma ndiyo hunirudisha. Chuma kizito hakijui haraka, mimi nina haraka tangu nizaliwe. Tukikaa pamoja kinanituliza.

Kiwanda cha samaki kilicholiagiza kilikuwa mwisho wa kichochoro. Upande mmoja, stoo ya Hamud, ya mawe. Upande wa pili, nyumba ya matofali ya Nyamusi, muuza ndizi. Nyuma ya ukuta ule, kitanda chini ya dirisha, alilala mumewe Monari, nyonga imevunjika, daktari amekataza asiinuliwe kitandani wiki sita. Mimi ndiye niliyepima kichochoro kwa kamba ya katani, nikamwambia Nyamusi, "Mama, ukuta wako hatutaugusa."

Tukalisukuma juu ya mabomba yanayoviringika mpaka mdomoni mwa kichochoro. Likakwama.

Ochieng, msimamizi wetu, akainama kuchungulia. "Jaduong', mzee mzima, ulipima tumbo ukasahau masikio. Wewe hata fahali ungemjengea mlango bila kukumbuka pembe."

Masikio ni vile vyuma vya kufungia minyororo, kimoja kila ubavu. Kweli nilisahau.

"Tuyakate?" nikauliza.

"Mkaguzi atalikataa. Tunabomoa kona ya ukuta. Mgonjwa atabebwa."

"Habebwi," Nyamusi akasema, amesimama mlangoni.

"Basi tulizungushe," nikasema. "Sikio moja juu, lingine chini."

"La chini litagonga mabomba," Ochieng akajibu.

Nyamusi akatutazama kama watoto. "Kwetu Kisii kitu kizito tunakitelezesha juu ya migomba. Pangeni mbao nene safu mbili, sikio lipite katikati."

Akachukua panga, akaenda nyuma ya nyumba. Migomba kumi na minne, mingine imebeba mikungu michanga. Alikata yote, hakugeuka kuangalia ilivyoanguka.

Tuliipasua, tukailaza juu ya mbao, tukalizungusha boila kwa jeki na minyororo. Winchi iliyofungwa kiwandani ikavuta.

Halikupiga kelele. Maji ya migomba yalikamuliwa tu chini yake, taratibu, nalo likateleza. Nilitembea nyuma yake, kiganja kwenye chuma chenye umande, nikajiona niko chini ya ziwa nasindikiza kitu ambacho samaki peke yao wanakijua. Visiwa vya Mfangano, Takawiri, kila mahali nilipowahi kupaacha, pakanipita polepole kwa nyuma.

Kati ya chuma na ukuta palibaki vidole viwili. Dirisha likaziba, chumba kikawa giza.

"Ni nini?" Monari aliuliza ndani.

"Boila," mkewe akajibu. "Linapita."

Mkono ukatokea dirishani, ukaligusa kidogo. "Baridi. Kama ng'ombe aliyetoka mtoni."

"Rudisha mkono, baba. Umebakiwa na nyonga moja tu."

Kisha mwanga ukarudi chumbani. Tofali halikudondoka hata moja.

Kesho yake wenzangu walipanda trela. Mimi nilibaki, nikaomba jembe.

"Mgomba huchipuka wenyewe, mzee," Nyamusi akaniambia. Lakini jembe hakuninyang'anya.