Viganja vya Lueth

Upepo ukivuma, Ayuen humsikia Lueth. Usidhani ni utani. Granmasta mzima, aliyezunguka nchi ishirini akicheza sataranji na sasa anatangaza mashindano redioni, upepo ukivuma tu jasho linamtoka, na sauti ya marehemu inamwambia sikioni: "Umegusa. Sogeza."

Maneno yenyewe yalikuwa ya Ayuen. Utotoni, kambini Kakuma, kete zao zilikuwa vizibo vya soda, na vumbi likija kila mtu alifunika vyake kwa viganja. Kwa sheria ya sataranji, kete ukiigusa lazima uisogeze; ila huko kufunika hakukuitwa kugusa, hata mtoto wa jana alijua. Lakini siku ya kuchaguliwa mmoja wa kwenda kusomeshwa Nairobi, Lueth alikuwa anamshinda Ayuen. Upepo ukaja, Lueth akafunika, Ayuen akamwambia mwamuzi: "Amegusa mfalme. Asogeze!" Mwamuzi, mgeni wa watu, akakubali. Lueth akasogeza, akashindwa, akabaki kambini. Miaka baadaye alirudi kwao Bor kumtafuta mama yake, akafia njiani. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na Ayuen hakumwambia mtu.

Jumamosi hii alikuwa Lodwar, chini ya turubai, akitangaza fainali: Nyaruach, msichana wa Kakuma, na Ebei wa hapo Lodwar. Upepo ukaja, ukainua ubao wa plastiki. Nyaruach akafunika kete kwa mikono yote miwili. Wee! Ebei akaruka kitini: "Amegusa malkia! Asogeze!"

Sellah, mwamuzi aliyehamia juzi kutoka Kisumu, akamgeukia Ayuen. "Mwalimu, wewe ndiye granmasta. Tuamueje?"

Maikrofoni ilikuwa wazi, na Kakuma yote ilikuwa inasikiliza. Angeweza kusema sheria ni sheria, na jina lake lingebaki safi. Aliogopa, jamani.

"Kakuma tunafunika," akasema. "Si kugusa. Najua, kwa sababu rafiki yangu Lueth alifunika, nikasema amegusa. Nilimwibia. Nafasi iliyonifikisha hapa ilikuwa yake."

Sellah akamwashiria Nyaruach aendelee.

Upepo ukavuma tena, mkali kuliko wa kwanza. Ayuen akafumba macho, akaingoja ile sauti. Haikuja. Aliingoja mpaka mchezo ukaisha, na hapo ndipo alipoangua kilio redioni, watu wote wakisikia, maana miaka yote ile Lueth hakuwahi kumwacha peke yake.