Mguu wa Rukaya na Pikipiki ya Ally

Nyie wenye watoto wanaokimbia, nisomeni mpaka mwisho, maana hapa Kiwangwa tayari naona mwingine anaifuata njia ileile.

Rukaya wangu alikuwa na pumzi tangu mdogo. Alipoingia sekondari, Mwalimu Kibwana wa michezo akamchukua, akasema huyu akitulia atafika mbali. Mazoezi yenyewe sasa. Asubuhi baada ya sala anakimbia njia ya mashamba ya mananasi, taratibu, mwendo wa kuweza kupiga soga na mwenzio. Mwendo mkali ni siku moja tu kwa wiki. Ijumaa anapumzika. Nikamwuliza mwalimu, mtoto atashindaje kwa mwendo huo wa kwenda kisimani? Akanijibu, "Mama Rukaya, pumzi inakuja haraka, mifupa inachelewa. Tuipe mwaka."

Mwaka haukufika. Vijana wa bodaboda pale kijiweni walimfanya kichekesho. Wakimwona wanamwuliza kama anapeleka posa au anakwenda kuzika. Aliyezidi ni Ally, mtoto wa kaka yangu. Akamwambia, "Dada, kobe kakupita pale kwa Bi Sikuzani. Anakusalimu."

Na mbio za Bagamoyo mjini zilikuwa zinakaribia. Ilisemekana watakuja watu kuchagua wasichana wa kambi ya Dar, ukichaguliwa unakimbia na unasomeshwa. Rukaya akaitaka kambi ile kuliko chakula. Akaacha kwenda kwa mwalimu, akamwomba Ally amkimbize. Kila alfajiri Ally anatangulia na pikipiki, yeye anaifukuza mpaka barabara ya lami, hakuna Ijumaa wala nini. Na kweli akawa mwepesi, mtaa mzima ukasema kumbe mwalimu alikuwa anamchelewesha tu.

Kisha ugoko ukaanza kuuma. Huku kwetu mguu ukiuma unachuliwa. Bi Somoe, mchuaji wetu, akaja na mafuta yake ya nazi ya moto yenye karafuu, akauchua mpaka Rukaya akang'ata kanga. Asubuhi unapoa kidogo, anakimbia, jioni unauma zaidi, unachuliwa tena. Mwalimu akasikia, akaja mwenyewe. Akabonyeza kwa kidole mahali padogo tu kwenye ugoko, mtoto akaruka. Akasema kwa upole kwamba pale ni mfupa, na mfupa hauchuliwi, unapumzishwa, hata kama mbio zitampita.

"Hazinipiti," Rukaya akasema.

Siku yenyewe alitangulia. Wanawake tuliotoka Kiwangwa tukapiga vigelegele. Pale kwenye kona ya kuingia uwanjani mguu ukakatika kama kijiti cha muhogo, na wenzake wakampita mmoja mmoja akiwa chini. Hata Adila wa Mapinga akampita, mwanafunzi mwenzake aliyebaki akikimbia taratibu na mwalimu, Rukaya akimcheka. Adila ndiye yuko kambini sasa.

Hospitali walimtia chuma. Daktari alisema ufa ulikuwapo siku nyingi, na kule kuchuliwa na kukimbizwa ndiko kulikoumaliza mfupa. Atatembea, inshallah. Kukimbia hakukutaja, na Rukaya hakuuliza.

Sasa anakaa kibarazani anamenya mihogo, mguu kaunyoosha. Viatu vya mbio viko uvunguni. Nikivigusa ananitazama, basi naviacha.

Juzi Naila, binti wa jirani, alipita mbio nyuma ya pikipiki ya Ally. Nikatoka mpaka njiani nikamsimamisha. Nikamwambia mwanangu, nenda kwa Mwalimu Kibwana, anza taratibu, lala, pumzika, mguu ukiuma sema. Akanipa shikamoo nzuri tu, akaitikia ndiyo mama, halafu akaongeza mwendo ili amfikie Ally.

"Mwache, Mama," Rukaya akasema, macho yake kwenye mihogo. "Hata mimi niliambiwa."

Jana jioni nimemwona Bi Somoe akiingia kwa akina Naila, na chupa yake ya mafuta mkononi.