Ndoo ya Baba Glory

Tangu ruksa ya biashara ianze, Newala tumepata mitumba, redio za kaseti na sabuni za kunukia. Maji bado. Na mume wangu Oscar naye bado: alikwenda Ulaya kusomea nyota, Glory akiwa bado mgongoni mwangu, na sasa Glory anakwenda shule.

Mwezi wa nane alikuja likizo. Nilikuwa na swali moja tu, atarudi lini moja kwa moja. Lakini mtu katoka Ulaya, humkabi koo mlangoni. Nikaanza kwa kumwuliza kazi yake.

Macho yakamwaka. Akasema nyota nyingine zikizeeka hutoa gesi, na gesi hiyo hung'aa kijani. Wataalamu huiita nebula ya sayari, ingawa sayari haimo. Wasomi nao!

"Sasa Mama Glory, kila galaksi ina nebula zake, na zile kali kuliko zote mwanga wake unalingana popote zilipo. Kama koroboi za fundi mmoja. Ukiziona hafifu, ujue galaksi hiyo iko mbali."

"Na kama inazidi kwenda?"

"Kwa macho huioni ikienda. Tunapima rangi. Kijani kikisogea kidogo upande wa wekundu, basi inatukimbia."

"Na wewe, Baba Glory, unarudi lini?"

"Mwakani. Nikimaliza tu, niko hapa."

Nikamwamini. Nilikuwa na hamu naye mno, ningefanyaje?

Nikamtekea ndoo ya kuoga. Tangi la mvua lilikuwa limebaki na maji ya chini kabisa, yale ya kukwangua. Hapa kwetu mtu huoga kasimama ndani ya karai, maji yale yatumike kufulia matambara, kisha yamwagwe kwenye mgomba. Oscar kakulia hapahapa, hilo hafundishwi. Karai nililiacha bafuni, mahali pake.

Nilikuwa uani napepeta mchele nilipoona povu linapita chini ya uzio wa nyasi wa bafu. Likakata uwanja mpaka kwa kuku, likanywewa na mchanga.

"Mama!" Glory akapiga kelele. "Baba kamwaga maji yote! Karai kaliegemeza uzioni!"

Oscar akatoka ananukia, taulo shingoni, akaniuliza mbona nalia. Nikamwambia ni vumbi la pumba.

"Yamebaki ya kusuuza miguu?" akauliza.

Yalibaki ya kupikia. Nikamletea, maana mgeni hanyimwi maji.