Tulikuzika, Cephas

Mwanga wa asubuhi uliingia behewani mweupe kama maziwa yaliyotiwa maji, ukamkuta ndugu yako Nashon amesinzia begani mwangu. Nje Ujerumani ilipita mbio: mashamba, makanisa, mashamba tena. Sikuyaona. Nilikuona wewe, mume wangu wa kwanza, ukiwa hai, na niliogopa.

Tulikuzika, Cephas. Mwaka wa sitini na mbili, ukiwa masomoni Ujerumani, habari ilifika kijijini kwetu Sindo kwamba umezama mtoni ukijaribu kuvuka kutoka upande mmoja wa Berlin kwenda wa pili, na mwili haukupatikana. Wazee wakakufanyia kama tunavyowafanyia watu wetu waliopotelea majini. Wakakata tunda la yago, ule mti wa mwegea, refu, zito kama mtoto, wakalifunga shuka, wakalilaza kaburini mahali pako. Nililia juu ya tunda lile hadi sauti ikanikauka, wala sioni haya kusema, maana lilikuwa wewe.

Tulikuzika, na mila ikaendelea na kazi yake. Nashon akanirithi, kwa upole. Kofia yako akaiacha palepale ukutani. Tukapata mtoto. Taratibu, bila kukuomba ruhusa, nikampenda ndugu yako.

Kisha mchungaji mmoja akaja Homa Bay kutoka Ujerumani, akasema: yule mtu yu hai, alikuwa kifungoni, sasa ametoka, anafanya kazi ya uashi. Kanisa likatulipia nauli. Wazee wakatuonya: aliyekwisha kuzikwa haingii tena langoni, akiingia, kifo kitamchukua mwingine wa boma badala yake. Mama yako hakutaka kuwasikia.

"Nendeni nyote wawili," alisema. "Mleteni tu. Nife nimemwona."

Berlin, ewe Berlin, mji uliopasuliwa ukiwa hai! Ukuta umekata barabara katikati, madirisha yamezibwa kwa matofali, na papo hapo majumba mapya yanapanda kana kwamba hakuna msiba. Askari wakageuzageuza pasipoti zetu, wakatupa ruhusa ya siku moja upande wako.

Ulikuwa umesimama nje ya stesheni, umekonda, koti limekuzidi. Ukamkumbatia Nashon. Ukanigeukia mimi, ukauona mkono wake mgongoni mwangu, ukaelewa kabla hatujafungua mdomo.

"Mlinizika wapi?"

"Kulia kwa nyumba yangu," nikasema. "Panapoonekana ziwa."

Ulicheka, jamani, kile kicheko chako cha zamani, halafu ukalia kwa sauti na watu wakageuka kutazama.

"Omera, ndugu yangu, twende nyumbani," Nashon akasema. "Mimi nitatoka nyumba ile. Mke ni wako."

Nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka kusema hapana. Moyo ulinipasuka.

"Mna mtoto?" ukaniuliza.

"Mmoja. Roseline."

"Ameanza kutembea?"

"Anakimbia."

Ulizijua mila zetu kuliko sisi sote.

"Basi mwacheni wa kaburini alale," ulisema. "Mwambieni Mama hamkunipata."

Jioni ulitusindikiza hadi kwa wale askari. Ulimshika Nashon, hukutaka kumwachia. Mimi ulinipa mkono kwa mbali, kwa adabu, macho ukiwa umeyaelekeza chini.

"Safari njema, shemeji."