Gari la Injini Mbili

Siku ya Jumatatu, saa moja asubuhi, Bibi Fatouma wa Buyenzi alifunga bidoni yake, dumu la njano, kwenye kamba ya foleni, mbele ya kituo cha esansi mtaani Asiatique. Ilikuwa bidoni ya mia mbili na kumi na nne. Mwaka ulikuwa tisini na nane, majirani walikuwa wameiwekea nchi vikwazo, na petroli, hiyo esansi, ilikuja kwa matone. Alitaka lita tano tu. Mimba ya mkwe wake, Khadidja, ilikuwa imefika miezi yake, na teksi ya mwanawe Khaled ilikuwa imekauka uani.

Saa mbili likaja gari dogo, rangi ya chai ya maziwa. Lilikuwa na injini mbili. Moja ilikunywa esansi, kidogo tu, kama kuku anavyokunywa maji. Ya pili ilikunywa uvumilivu wa watu walio karibu. Kitabu cha gari kilieleza hivyo, ukurasa wa nne, chini ya habari za matairi. Aliyeliendesha ni Hyacinthe, karani wa ofisi moja ya wakubwa. Alikuwa amepewa wiki moja ya kulijaribu, aandike kama linafaa kwa safari za kila siku.

Aliliegesha kando ya foleni, akalizima. Mshale wa kipimo cha uvumilivu ukapanda. Birindwa, muuza nyama, aliyekuwa amengoja siku mbili bila neno, akaipiga bidoni yake teke.

"Gari gani hii inatunyonya hivi?"

"Ni ya kujaribu tu, papa."

"Basi ujaribu kwa bibi yako!"

"Bibi yangu hana uvumilivu. Anagombana hata na mbuzi."

Watu wakacheka. Kicheko hakikupandisha mshale.

Bibi Fatouma alikuwa amemzika mumewe mwaka wa tisini na tatu, kisha akangoja miaka mitano mtu aje amwambie nani alimuua. Hakuja mtu. Basi uvumilivu wake ulikuwa mzito kama mawese. Hyacinthe akasogeza gari mpaka ubavuni pake, akamletea na kigoda.

Kwenye fomu aliandika: *Jumatatu, Mutanga Nord mara tatu, watoto wa Mkurugenzi shuleni. Esansi nusu lita. Jumanne, Kajaga, samaki wa Mkurugenzi. Esansi kikombe kimoja. Viti ni laini. Mlimani halichoki.*

Jumatano lori la esansi likafika. Mwenye pampu akatoa ufunguo. Simu ikalia kutoka ile ofisi ya wakubwa: asifungue kwanza, jaribio halijaisha, na foleni ikiisha gari litakula nini? Akaurudisha ufunguo mfukoni. Adhuhuri mapipa yakatoka kwa mlango wa nyuma, kwenda kwa wakubwa ambao bado walikuwa na magari ya zamani.

Alhamisi Khaled alikuja mbio.

"Mama, Khadidja chupa imepasuka. Na mi sina hata tone."

Bibi Fatouma akainuka kwenye kigoda, akagonga kioo cha gari.

"Mutoto wangu, gari hii inatembea na uvumilivu yangu tangu siku ya kwanza. Twende tumubebe mukwe wangu, umufikishe hospitali."

Hyacinthe aliitazama fomu mbele na nyuma.

"Apana, mama. Hapa kuna mahali ya shule, ya samaki na ya kanisa. Mahali ya muzazi hakuna. Ungoje kidogo."

Aliposema ungoje, mshale ulianguka mpaka chini.

Bibi Fatouma akaifungua kamba. Bidoni zote zikabiringika barabarani. Birindwa akavua aproni yake. Wakaenda Buyenzi, wakampakia Khadidja katika ile teksi kavu, wakaisukuma kuelekea hospitali, watu mia mbili wasiobaki na uvumilivu hata kidogo. Walimpita Hyacinthe pale pale, gari lake limezima.

Mtoto alizaliwa saa tano na nusu, msichana. Hakulia. Alifumbua macho akautazama mlango, kama mtu anayengoja jina lake liitwe.

Jumamosi Hyacinthe alitia sahihi: *Gari linafaa kwa matumizi ya kila siku. Kasoro ni moja, Alhamisi foleni ilitawanyika. Kamba iwe ya chuma.* Ofisi ikaagiza magari kumi.

Arobaini ya mtoto ilipopita, teksi ilikuwa bado kavu. Bibi Fatouma akarudi kwenye foleni, mjukuu mgongoni. Kamba ilikuwa ya chuma. Pampu ilikuwa imefungwa. Gari la kwanza kati ya yale kumi likasimama karibu naye, na kabla Hyacinthe hajalizima, mshale ulikuwa umefika juu kabisa.

"Mutoto muzuri, mama," akasema, akiutazama mshale, kisha mtoto.

Bibi Fatouma akamhamishia mtoto kifuani, akaligeuzia gari mgongo, akamfunika kwa kitenge mpaka kichwani.

Mshale haukushuka.