Mpira wa Chini ya Kiti

Siku ile Cornel alikuwa amejipigilia kwelikweli. Shati lililopigwa pasi, viatu vilivyotiwa soli mpya nene ya mpira. Si bure! Abiria wake kutoka Dongobesh alikuwa Mzee Hhando, baba yake Bernadina, na siku hiyohiyo mzee alitakiwa atoe neno mbele ya ndugu: binti anaolewa na dereva huyu au haolewi.

"Shikamoo, baba! Kaa mbele, huko nyuma kuna magunia," Cornel alisema kwa sauti, akina mama waliokaa nyuma wamsikie.

Mzee, pande la mtu, akakaa. Landrova la kijiji cha ujamaa, kuukuu la enzi ya Mwingereza, likapanda kilima likilalamika. Likaingia shimoni. Paa! Cheche chini ya kiti, moshi, mzee akaruka, gari likazima.

Hapo Cornel akajisahau. "Mzee! Umekalia nini? Umeharibu gari la umma!"

Lo! Mkwe anaambiwa vile, tena mbele za watu! Mzee Hhando akashuka, akakung'uta shuka lake kuonyesha kuwa hana kisu wala chuma. "Nisamehe, mwanangu. Mimi magari siyajui."

Cornel akapiga honi: kimya. Akawasha taa: kimya. Basi si plagi wala petroli, umeme wote umekatika. Akainua kiti cha abiria, maana betri ya gari lile ilikaa hapo chini. Waya mnene umechomoka, ncha imeungua. Bati la kiti limebonyea mpaka likagusa betri. Kati ya bati na betri palipaswa kuwa na kipande kinene cha mpira, cha kuzuia jambo hilohilo. Hakipo.

Kilipo alipajua. Alikuwa amekikanyaga. Alikikata mwenyewe, akampelekea fundi viatu akifanye soli, akijiambia nani atafunua kiti?

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Aseme? Mzee atamwoza binti yake kwa mwizi wa mali ya kijiji? Akavua viatu, akabandua soli kwa bisibisi, akazitandika juu ya betri, akakaza waya, akapiga hendeli. Gari likawaka.

"Ulihitajika mpira," alisema bila kumtazama mtu, akaendesha pekupeku.

Mzee alikataa katakata kurudi mbele. "Nisije nikaharibu tena," alisema, akapanda juu ya magunia.

Nyumbani kwa mzee ndugu walikuwa wamejaa uani. Bernadina alipoiona ile miguu yenye vumbi akaziba mdomo.

"Usimcheke," Mzee Hhando alisema. "Gari nililiharibu mimi. Alinifokea, na nilistahili. Halafu kachana viatu vyake mwenyewe ili tufike. Mtu anayejali mali ya wenzake hivi, mimi nimeridhika. Akuoe."

"Baba, hukuharibu wewe," Cornel alisema. "Ule mpira..."

Vigelegele vikamfunika. Akangoja vitulie aseme tena. Vilipotulia, mzee alikuwa ameshavua katambuga zake za tairi, ameinama, anampangia miguuni.

"Vaa, mwanangu."

Cornel akavaa.